Idara ya Michoro Iliyoanzia Kasrini, Kando ya Mto Fontanka

Idara za michoro ya kihandisi hazipati nafasi kubwa katika historia za vyuo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupita huko, huhangaika na bikari na rula, hufaulu kwa shida, kisha huhamia kwenye masomo anayoyahesabu kuwa ndiyo uhandisi wenyewe. Nimewasikia wahandisi wengi wakimsifu mwalimu aliyewafundisha madaraja au zege, lakini ni wachache sana wanaomkumbuka kwa heshima mwalimu aliyewafundisha kuchora. Kwa sababu hiyo nimetaka kuandika juu ya idara moja ambayo historia yake inakwenda kinyume na dharau hiyo, nayo ni idara ya jiometri fafanuzi na michoro ya chuo cha wahandisi wa usafirishaji cha St. Petersburg, nchini Urusi, chuo kilichoanza kufundisha mwaka 1810. Kwa maoni yangu idara hiyo ilistawi kila walimu wake walipokuwa na kazi halisi ya kushughulikia nje ya darasa, na ilipwaya kila somo lilipobaki kuwa mafumbo ya mtihani.

Jiometri fafanuzi, kwa asiyeijua, ni elimu ya kuonyesha kwenye karatasi bapa umbo lenye urefu, upana na kimo, kwa namna inayomwezesha mtu mwingine kuvipata vipimo vyake vya kweli bila kubahatisha. Waashi wa mawe wa Ulaya walikuwa wakichora mwonekano wa juu na mwonekano wa mbele karne nyingi kabla ya somo hili kupewa jina, kwa hiyo si sahihi kusema, kama vitabu vingi vinavyosema, kwamba Gaspard Monge alivumbua mionekano hiyo miwili. Alichofanya Mfaransa huyo, aliyezaliwa Beaune mwaka 1746, ni kuzikusanya mbinu za waashi, maseremala na wajenzi wa ngome, ambazo kila fundi alizilinda kama siri ya ukoo, na kuonyesha kwamba zote zinatoka kwenye kanuni chache tu. Akiwa kijana katika shule ya wahandisi wa kijeshi ya Mézières, alipewa kazi ya kupanga kuta za ngome ili walio ndani wasionekane na adui wala kufikiwa na risasi zake, kazi iliyohitaji hesabu ndefu mno. Aliimaliza kwa kuchora, tena kwa muda mfupi kiasi kwamba afisa aliyepelekewa jibu alikataa hata kulitazama, akiamini kwamba hakuna binadamu anayeweza kumaliza kazi ile upesi hivyo. Baada ya kukubaliwa, njia yake ilifanywa siri ya jeshi, na Monge hakuruhusiwa kuifundisha hadharani hadi mwaka 1795, Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuwa yamekwisha kubadili mambo. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imeanzishwa mjini Paris shule ambayo baadaye iliitwa École Polytechnique, na jiometri yake ikawa mhimili wa masomo ya huko.

Ni vyema msomaji aone kwa macho yake kinachofundishwa. Chukua paa linaloteremka pande zote nne, uitazame ile mbao ya konani inayotoka kwenye pembe ya ukuta na kupanda hadi juu. Tuseme kutoka pembeni inaingia ndani mita 4 kwa upande mmoja wa nyumba na mita 4 kwa upande wa pili, huku ikipanda mita 2. Katika mwonekano wa juu mbao hiyo itapimika mita 5.66 hivi, katika mwonekano wa mbele itapimika mita 4.47. Vipimo vyote viwili vinadanganya, kwa kuwa mbao imekaa mshazari kwa pande zote, na fundi atakayekata kwa kufuata kimojawapo atapanda juu ya ukuta na kukuta mbao haifiki. Mwanafunzi hufundishwa kuweka ncha ya bikari kwenye kilele katika mwonekano wa juu, kisha kuuzungusha mstari wa mbao hadi ulale sambamba na ukuta wa mbele. Mhimili wa mzunguko huo ni wima, kwa hiyo hakuna nukta ya mbao inayopanda wala kushuka. Ncha ya chini ikishapata mahali papya, inahamishiwa kwenye mwonekano wa mbele, katika kimo kilekile ilichokuwa nacho, na kuunganishwa na kilele. Mstari unaopatikana una mita 6 kamili, nao ndio urefu wa mbao. Mwalimu aliyenifundisha hatua hizi alikuwa mmoja wa Waafrika Mashariki waliosomea uhandisi Usovieti, na kabla ya kugusa chaki alikuwa akikunja karatasi katikati, nusu ikalala mezani na nusu ikasimama, kisha anashika kalamu mshazari hewani na kutuuliza kila mmoja anaona urefu gani kwenye kila nusu. Ni kupitia kwake nilipoanza kuitafuta historia ya idara ya St. Petersburg, kwani somo alilotufundisha, pamoja na mpangilio wake na hata ukali wake, lilikuwa na asili huko.

Chuo chenyewe kilianzishwa kwa tangazo la Tsar (mfalme wa Urusi) Alexander wa Kwanza mwaka 1809, kwa ajili ya kuwaandaa wahandisi wa barabara, mifereji na madaraja wa dola kubwa ambayo haikuwa na wahandisi wake wa kutosha. Kilifunguliwa mwaka uliofuata ndani ya kasri la Yusupov, kando ya mto Fontanka. Aliyekiongoza ni Agustín de Betancourt, mzaliwa wa Tenerife, ambaye mwaka 1802 alikuwa amekwisha kuanzisha shule ya barabara na mifereji mjini Madrid kabla ya kuhama Hispania. Betancourt aliijua Paris vizuri na alitaka mtindo wa Paris. Kwa ombi la Tsar, Napoleon aliwaruhusu wahandisi wanne waliosoma École Polytechnique kwenda Urusi, nao ni Bazaine, Potier, Fabre na Destrem. Charles Potier ndiye aliyekabidhiwa jiometri fafanuzi, na kwa hiyo yeye ndiye mwanzo wa idara, ingawa siku hizo idara haikuwa na maana ya ofisi, mkuu na bajeti. Ilikuwa kiti cha profesa, msaidizi wake na ukumbi wa kuchorea.

Masomo yalitolewa kwa Kifaransa, na wala hilo halikuonekana ajabu katika mji ambao watu wa tabaka la juu walizungumza Kifaransa hata mezani. Ajabu zaidi ni yaliyowakuta walimu hao. Mwaka 1812 Napoleon aliivamia Urusi, na Wafaransa wanne waliokuwa wakiwafundisha maafisa wa Tsar wakageuka kuwa raia wa nchi adui. Walihamishwa mbali na mji mkuu, hatimaye wakapelekwa hadi Irkutsk, Siberia, na hawakurudi hadi vita vilipokwisha. Waliporudi walipokewa na kuendelea na kazi kama kawaida. Bazaine alikuja hata kukiongoza chuo baada ya Betancourt. Sijui kama kuna idara nyingine ya michoro duniani ambayo profesa wake wa kwanza alipelekwa uhamishoni Siberia kwa sababu ya uraia wake na baadaye akarejeshwa darasani kufundisha.

Mtu muhimu kuliko wote katika historia hii, hata hivyo, ni Yakov Sevastyanov. Alizaliwa mwaka 1796, akasoma chuoni hapo, kisha akawa msaidizi wa Potier. Kazi ya msaidizi, kwa mtindo wa Ufaransa, ilikuwa kurudia mhadhara kwa vikundi vidogo, kuuliza maswali na kusimamia uchoraji. Mwaka 1816 Potier alichapisha kitabu chake cha jiometri fafanuzi kwa Kifaransa, na mwaka huohuo Sevastyanov akakitoa kwa Kirusi. Mwaka 1821 alichapisha kitabu alichokitunga mwenyewe, ambacho ndicho cha kwanza cha somo hilo kuandikwa na Mrusi kwa lugha yake, na mwaka 1824 akawa profesa. Bila kazi hiyo somo lingebaki mali ya waliolelewa na yaya wa Kifaransa, na mtoto wa karani wa mkoani angefungiwa nje. Zaidi ya hapo, Sevastyanov hakuishia kwenye nukta na mistari. Aliandika pia juu ya vivuli na juu ya kuchora vitu jinsi jicho linavyoviona kwa mbali, mambo ambayo msanifu wa majengo alihitaji kila siku.

Katika miaka hiyo idara ilikuwa na soko la hakika kwa kila ilichofundisha. Pavel Melnikov, aliyehitimu mwaka 1825, alikuwa mmoja wa wahandisi wawili wakuu wa reli ya St. Petersburg hadi Moscow, yenye takribani kilomita 650, iliyojengwa kuanzia 1843 na kufunguliwa 1851. Stanisław Kierbedź, aliyesoma na kufundisha chuoni hapo, alijenga daraja la kwanza la kudumu juu ya mto Neva, lililofunguliwa 1850. Jiwe la tao la daraja lina nyuso zilizopinda na zilizoinama, na mwashi hawezi kulichonga mpaka apewe umbo la kweli la kila uso. Kazi hiyo ya kutoa umbo la kweli kwenye karatasi ndiyo hasa mwanafunzi alifundishwa na idara.

Baada ya Sevastyanov, aliyefariki mwaka 1849, kuna kipindi kirefu ambacho naona si lazima kukaa nacho sana. Nikolai Makarov alifundisha kwa miongo mingi na kutoa kitabu kinene mwaka 1870, somo likaenea katika vyuo vingine vya ufundi vya Urusi, na mazoezi yakazidi kuwa magumu kwa ajili ya ugumu wenyewe. Mwanafunzi alitakiwa kutafuta makutano ya koni na mche, yaani umbo refu lenye ubavu wa nyuso bapa, uliolazwa mshazari, pamoja na vivuli vyake, bila mtu kumwambia koni hiyo ni sehemu ya kitu gani.

Aliyekuja kuamsha mambo ni Valerian Kurdyumov, aliyezaliwa 1853. Wengi wanamjua kwa usemi wake kwamba ikiwa mchoro ni lugha ya ufundi, basi jiometri fafanuzi ni sarufi ya lugha hiyo, usemi uliokaririwa kwenye kurasa za mwanzo za vitabu vya Kisovieti hadi ukachosha. Mimi navutiwa zaidi na jambo alilochapisha mwaka 1889. Alitaka kujua udongo unafanya nini chini ya msingi unaobeba mzigo, akajaza mchanga kwenye sanduku lenye upande wa kioo, akaukandamiza kutoka juu na kuupiga picha huku lenzi ikiachwa wazi. Punje zilizotulia zikatoka safi kwenye picha. Zilizosogea zikaacha michirizi, na michirizi hiyo ikaonyesha kwamba mchanga hausukumwi chini tu, bali huteleza kwa njia zilizopinda na kutokeza juu pembeni mwa msingi. Hayo ni matokeo ya ufundi wa misingi, lakini naamini ni mwalimu wa michoro tu ambaye angefikiria kulijibu swali lile kwa kulifanya lionekane.

Kisha akaja Nikolai Rynin, aliyehitimu mwaka 1901. Huyu aliandika juu ya makadirio ya kila aina, yaani njia za kuhamishia umbo kwenye karatasi bapa, akaitumia jiometri kwenye picha zinazopigwa kutoka angani na kwenye sinema, na wakati huohuo alikuwa akipanda maputo na kuanzisha maabara ya mambo ya anga chuoni. Mwaka 1920 alishiriki kuunda hapo kitivo cha usafiri wa anga. Kati ya 1928 na 1932 alichapisha kazi ya juzuu tisa juu ya safari za sayari hadi sayari, akikusanya kila kilichokwisha kufikiriwa juu ya maroketi, kuanzia ngano za kale hadi hesabu za Tsiolkovsky, Mrusi aliyetangulia katika nadharia ya maroketi. Alifariki mwaka 1942, mwaka ambao Leningrad, kama St. Petersburg ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa bado imezingirwa na Wajerumani. Shimo mojawapo kubwa upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani limepewa jina lake, heshima ambayo walimu wa michoro hawaipati mara nyingi.

Leo chuo hicho kinaitwa kwa jina la Tsar aliyekianzisha, na somo la jiometri fafanuzi lingali linafundishwa humo, ingawa kompyuta hutoa urefu wa mbao ya konani kwa kubofya mara moja. Swali la kama wanafunzi wa uhandisi bado wanahitaji kulisoma kwa mkono linaulizwa Urusi kama linavyoulizwa katika vyuo vyetu. Mimi ningeondoa bila huruma makutano ya koni na mche yasiyo na kazi, na ningepunguza saa za kupiga mistari ya wino. Ningebakiza urefu wa kweli, umbo la kweli la uso ulioinama, na kukunjua umbo la bati kuwa bapa, kwa sababu mhandisi anayesaini mchoro uliotoka kwenye programu ndiye atakayeulizwa mbao isipofika ukutani, na hawezi kutambua kosa la mashine katika jambo ambalo hajawahi kulifanya mwenyewe hata mara moja. Na mtihani wa mwisho ningeufanyia kwenye paa linalojengwa, fundi akiwa na msumeno mkononi anasubiri kipimo.