SI CHAI

Mwanangu ameanza kusoma kila kinachosomeka: mifuko ya unga, vibao vya daladala, na juzi ile chupa ya kijani iliyo juu ya kabati.

"Mama, kwa nini imeandikwa SI CHAI?"

Ningeanzia wapi?

Ulikuwa mwezi wa 7, Arusha inatetemeka, nami nimeshapoteza mbegu nyingi za strelizia, yale maua yenye kichwa kama cha korongo. Mbegu yake ni kama njegere, nyeusi, ina kibwenzi cha nyuzi za rangi ya chungwa, na ganda lake gumu kweli kweli. Ukiifukia hivihivi utangoja miezi mpaka usahau ulipoifukia. Basi nikazikwangua kwa msasa, moja moja, mpaka weupe wa ndani ukachungulia. Baada ya hapo zilale kwenye maji ya uvuguvugu siku nzima. Uvuguvugu, kwa baridi ile? Nikaona chupa ya chai. Nikahesabu mbegu 12, nikafunga kifuniko, nikajiona profesa.

Saa 12 asubuhi baba mkwe, aliyefika jana yake kutoka Machame, ndiye aliyetangulia kuamka. Nilimkuta mezani na koti lake, kikombe mkononi. Maji yalikuwa yamepata rangi ya chai ya mtu bahili. Uzi mmoja wa rangi ya chungwa umenasa kwenye masharubu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akapiga funda, akalizungusha mdomoni, akameza. Akatazama ndani ya kikombe, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu," akasema taratibu, kwa upole ambao mpaka leo unanichoma, "karafuu za huku kwenu hazina ladha."

Nikasema pole baba, napika nyingine. Basi.

Alipotoka kuota jua nikamimina zote kwenye chujio. 11. Nikarudia. 11. Nikapiga magoti chini ya meza, hakuna kitu. Siku mbili nikawa namuuliza habari za tumbo, hata mume wangu akashangaa. Tumbo halikuwa na neno.

Zikaota 3, baada ya miezi miwili na zaidi. Ua la kwanza nililiona mwaka wa tano. Baba mkwe alilisifu sana, akaomba mche akapande Machame. Nusura nimwambie wa kwake alishaondoka nao zamani.

Mtoto nimemjibu kwamba ni chupa ya dawa ya maua. Hajaridhika. Na babu yake anakuja Ijumaa.