Siku moja maishani mwangu: sili za giaboksi kabla maji hayajajaa

Saa 12 asubuhi

Fundi wa mashine za boti hapa Lamu hupangiwa ratiba na bahari. Leo ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana. Maji yatafika chini kabisa baina ya saa 4 na saa 5, kisha yaanze kurudi, na ikifika saa 10 jioni yatakuwa yamejaa tele. Kwa kazi ya mguu wa mashine, ile sehemu ya chini yenye giaboksi na propela, hiyo ni neema. Boti inakaa mchangani yenyewe, na hakuna haja ya kuishusha mashine nzima na kuipakia mkokoteni. Yamaha 40 ya zamani inapita kilo 70, na mgongo wangu si wa juzi.

Nahodha ameniwahi kwenye kahawa. "Sabalkheri, fundi. Mafuta ya gia yamegeuka."

"Sabalkheri, ami. Mashine imelala tangu jana?"

"Tangu magharibi."

Hilo nilitaka kusikia. Mashine iliyolala usiku kucha, maji yaliyoingia giaboksi hushuka chini na mafuta hubaki juu. Ukifungua skrubu ya chini asubuhi, kinachotangulia kutoka ndicho kinachokupa habari.

Saa 1 na robo

Boti imekaa. Mpwa wangu, anayejifunza kazi kwangu, ameweka karai. Kabla ya lolote namwambia atoe kofia za plagi, kwa sababu tutakuwa tunazungusha propela kwa mkono na sitaki mashine ipate wazo la kuwaka.

Nalegeza skrubu ya chini. Yanatangulia maji, kiasi cha kikombe cha kahawa, kisha mafuta mazito yenye rangi ya tui. Nayasugua baina ya vidole. Hakuna chenga za chuma. Maana yake meno ya gia na beringi bado ni wazima, na kazi ya leo ni sili tu, zile pete za mpira zinazozuia maji kuingia na mafuta kutoka. Ningehisi chenga, ningemwambia ami arudi nyumbani tuzungumze bei nyingine.

Saa 2

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokimbilia kung'oa. Mimi napima kwanza. Nina pampu ya baiskeli yenye geji, na mpira wake una kichwa nilichochongesha kiingie kwenye tundu la skrubu ya juu. Skrubu ya chini nairudisha, najaza upepo hadi psi 10 hivi, sipiti 15, halafu nampa mpwa wangu brashi na maji ya sabuni.

Giaboksi hii ina milango mitano ya kuvujia: sili mbili za shafti ya propela, sili za shafti ya kusimama zilizo chini ya pampu ya maji, oringi (pete nyembamba ya mpira) ya fimbo ya gia, oringi ya kofia ya nyuma inayoshika shafti ya propela, na zile washa ndogo za skrubu ambazo hakuna anayezikumbuka. Nimewahi kuletewa mashine iliyobadilishwa sili zote, maji bado yanaingia, kumbe ni washa iliyobanwa mara nyingi hadi ikawa bapa.

Mapovu yanatoka nyuma, penye propela. Kwingine kote kunakoonekana kukavu.

"Sasa mbona umesema utatoa sili zote, mjomba?" mpwa wangu anauliza.

Kwa sababu mashine ni kongwe, mguu unashuka leo, na sili za juu zina umri uleule. Zikikata mwezi ujao, ami atalipa kazi hii mara ya pili.

Saa 2 na nusu

Kotapini, nati, washa, propela, kisha bushi ya nyuma. Na pale, umejiviringa kwenye shafti na kubanwa mpaka umekuwa pete ngumu, upo mshipi wa kuvulia. Nautoa kwa ncha ya kisu, kipande baada ya kipande. Ami anautazama, anasema si wake. Mshipi hauna mwenyewe ukishafika huko.

Ndiyo maana huwa nasema sili haifi peke yake mara nyingi. Mshipi unaingia nyuma ya propela, unazunguka, unapata moto, unasukumwa ndani na kula mdomo wa sili. Ukiweka mpya bila kutafuta kilichoua ya kwanza, umeuza sili, hujatengeneza mashine. Kutoa propela na kutazama nyuma yake ni kazi ya dakika kumi, nahodha mwenyewe anaiweza, na haihitaji fundi.

Saa 3

Mguu. Naweka alama ya kipezi kidogo cha chini kwa msumari kabla sijakitoa, kwa sababu kikirudi kimepinda usukani utavuta upande. Bolti mbili zimetoka kwa heshima. Ya tatu imeshikana na chumvi. Bolti ya stenlesi ndani ya aluminiamu, miaka yote hiyo ndani ya maji ya bahari, hula ile aluminiamu na kuacha unga mweupe unaobana kuliko gundi. Ukiilazimisha inakatika. Nimeipa moto wa gesi kidogo kidogo, mafuta ya kupenya, nyundo nyepesi kichwani, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Mara ya tatu ya moto imelia na kuzunguka. Kiungo cha fimbo ya gia nimekilegeza, na mguu umeshuka mikononi.

Saa 4 na robo

Tumeupeleka karakana, chini ya mwembe. Kofia ya nyuma nayo imekwama, na hapa nina ugomvi na watu wa patasi. Wanaigonga ukingoni hadi masikio yake yanavunjika, kisha kazi ya sili mbili inageuka kazi ya kutafuta kofia ya mashine ambayo wenye duka la vipuri wanakwambia uagize Mombasa. Mimi napasha moto mwili wa nje, aluminiamu itanuke, halafu navuta sawasawa kwa kifaa cha kung'olea chenye miguu miwili. Imetoka na shafti yake. Washa zote nimezipanga kwenye kitambaa kwa mfuatano wake, na mpwa wangu kazipiga picha kwa simu.

Kabla sijagonga sili za zamani nje, nachora kwenye daftari midomo yao imetazama wapi. Mashine hazifanani katika hili. Nyingine sili huwekwa mgongo kwa mgongo, moja kuzuia mafuta na moja kuzuia maji, nyingine zote hutazama nje. Wala siulizi mtu; nafuata zilivyotoka na kitabu cha mashine yenyewe.

Saa 5 na nusu

Shafti. Napitisha ukucha pale mdomo wa sili ulipokuwa ukikaa. Unanasa kidogo: kuna mtaro, si mkubwa. Ungekuwa mkubwa, ni shafti mpya au kuivisha kikoba cha chuma. Huu naupiga msasa laini wenye mafuta, kwa kuzunguka, kamwe si kwa urefu, kwa sababu mkwaruzo wa urefu ni mfereji wa kupitisha maji. Sili mpya nitaiweka milimita moja nje kuliko ya zamani, mdomo ukae kwenye chuma kisichoguswa.

Halafu suala la sili zenyewe. Duka moja limenipa za pikipiki zenye vipimo sawa, ndani, nje na unene, kwa robo ya bei. Nimezirudisha. Zinaingia vizuri, lakini ile springi nyembamba iliyo nyuma ya mdomo ni chuma cha kawaida. Chumvi itaila, na mdomo utalegea. Sili ya baharini ina springi ya stenlesi.

Saa 7 na nusu

Nimeswali, nimekula wali na samaki. Sasa kurudisha. Grisi baina ya sili mbili, tepu juu ya meno ya shafti yasikate mdomo, na kipande cha bomba chenye upana wa sili ili nyundo igonge pande zote sawa. Impela ya pampu ya maji, lile gurudumu lake lenye mbawa, nayo mpya. Wakati wa kushusha nyumba ya pampu nazungusha shafti kufuata saa, mbawa zilale upande zitakaofanyia kazi.

Upepo tena, sabuni tena. Tumesubiri, sindano ya geji haikusogea. Ndipo nikatia mafuta, kutoka tundu la chini hadi yakatoka juu bila povu. Skrubu ya juu inafungwa kwanza, ya chini baadaye.

Saa 9

Maji yamefika kwenye boti. Tumepandisha mguu huku yakitufika magotini, tukiangalia bomba la maji liingie mahali pake. Boti imeelea, mashine imewaka kwa mvuto wa pili, na inakojoa vizuri, yaani inatema maji yake ya kupoza. Tumekwenda hadi kijiji cha Shela na kurudi, mbele, nyuma, mbele.

Saa 11

Ami amelipa nusu. Nusu nyingine baada ya Ijumaa, na kwa kuwa Jumamosi asubuhi analazimika kuja nimfungulie skrubu ya chini nione rangi ya mafuta, sina wasiwasi na pesa yangu.