Besi ya futi 32

Siku niliyompeleka Shangazi Royal Albert Hall, London, nilimwomba avae viatu vya chini na abebe khanga. Akaniuliza khanga ya nini kwenye ukumbi wa okestra. Nikamjibu, "Ya kukalia, Shangazi."

Ilikuwa Agosti, msimu wa Proms, tamasha la muziki lililoanza mwaka 1895 na ambalo kila jioni huacha nafasi za kusimama kwa bei ndogo. Miaka ile ilikuwa pauni 5, taslimu, mlangoni. Foleni zake zilikuwa mbili. Moja iliingia chini, kwenye Arena, mbele kabisa ya jukwaa. Nyingine ilipanda hadi Gallery, baraza la juu linalozunguka ukumbi wote karibu na kuba. Wengi hukimbilia chini ili wawaone wapigaji kwa karibu, na kwa konseto ya piano hilo ni jambo jema. Lakini usiku huo ilikuwa simfoni ya tatu ya mtunzi Mfaransa Saint-Saëns, yenye kinanda cha mabomba, na ukisimama chini kwenye reli, fidla zilizo hatua chache tu kutoka kwako hufunika karibu kila kinachotoka nyuma yake.

Hayo niliyajua, na bado nilikosea. Tulishuka kituo cha treni cha South Kensington saa tisa alasiri, tukapita njia ya chini ya ardhi inayotokea kwenye makumbusho, tukatembea robo saa, na kwa haraka nikatupanga foleni ya chini. Saa nzima ilipita ndipo nikauliza. Tukahamia mwisho wa foleni ya juu. Shangazi hakulalamika. Alitoa maandazi, akanigawia.

Gallery haina viti kwa wanaosimama, ila ukitaka kukaa sakafuni au hata kulala chali, hakuna anayekukataza. Tulitandika khanga karibu na reli. Kutoka pale unayaona yale masahani makubwa yaliyoning'inizwa darini mwaka 1969, ambayo watu huyaita uyoga. Kabla ya hapo kuba lilirudisha sauti ikiwa imechelewa, nota moja ikasikika mara mbili.

Shangazi amefundisha kwaya ya Kilutheri Moshi miaka mingi, kwa nota za do-re-mi zilizoandikwa ubaoni. Okestra ilipoanza kulinganisha sauti, aliniuliza kwa nini wote wanakisikiliza kinanda badala ya obo, ala ya kupuliza ambayo kwa kawaida hutoa nota ya kulinganishia. Sikio lake halikupitwa. Kinanda chenye mabomba 9,999 hakilinganishwi upya jioni ile ile, na ukumbi ukijaa watu hewa hupata joto, sauti ya mabomba ikapanda kidogo. Basi okestra ndiyo inayokifuata. Wakishika obo iliyolinganishwa kwingine, kordi ya mwisho, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, itatoka chafu.

Simfoni yenyewe ni ya dakika 35 hivi, sehemu mbili, kila moja ikiwa na vipande viwili vilivyounganishwa. Asiyejua hungoja kinanda kingurume tangu mwanzo. Hakingurumi. Huingia katika kipande cha pili, kimyakimya, chini ya sauti za ala za nyuzi, na hapo ndipo kukaa sakafuni kulipofaa. Bomba la futi 32, nota yake ya chini kabisa, hutetema kama mara 16 kwa sekunde, chini ya pale ambapo sikio la kawaida linaanza kusikia. Mwili ndio unaoipokea. Shangazi alibandika kiganja sakafuni, akakiacha hapo.

"Besi inatoka kwenye mbao, mwanangu," aliniambia kwa sauti ndogo.

Sehemu ya kwanza ilipokwisha aliinua mikono apige makofi. Nikamgusa bega, akaishusha. Kisha, mwanzoni mwa kipande cha mwisho, ikaja ile kordi kubwa ya kinanda kizima, C meja. Alisimama. "Do ni C!" alisema, kama anavyowatangazia wanakwaya wake kabla hawajaanza wimbo. Aliendelea kusimama hadi mwisho, khanga ikiwa miguuni, mikono yote miwili juu ya reli.

Tulirudi kwa basi namba 9, ghorofa ya juu. Alitoa daftari la kwaya, akaandika herufi d, yaani do, na chini yake alama ya sauti ya chini. Akaitazama. Akaongeza alama ya pili, kisha ya tatu.