Peugeot ya Baba na Mlima wa Sachangwan

Wiki jana mtoto wa kaka yangu alifungua boneti ya ile 504, akachungulia, akaniuliza, "Shangazi, mbona hapa pameandikwa Toyota?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba babu alibadilisha injini. Lakini swali lake halikuniacha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiwaza ile Desemba tuliyosimama Kibunja.

Gari lenyewe mnalijua. Ni ile ya safu tatu za viti, yenye simba puani, iliyobeba abiria kati ya Nakuru na Kisumu na kutulipia karo sisi sote. Injini yake ya asili, 1971cc, ililala upande ndani ya boneti kama Peugeot walivyoipanga. Krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ilipopasuka, Baba alitafuta nyingine mpaka akachoka. Ndipo akakubali injini ya Hiace, 1RZ, 1998cc, ileile ambayo matatu nyingi zilikuwa nayo na spea zake hukosi dukani. Habari za maunti, giaboksi na propela shafti sitazisimulia. Fundi alizifanya vizuri, na siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza Baba aliitikia kwa kichwa tu, akaenda kunawa mikono.

Shida ilikuwa joto. Mjini gari halikuwa na neno: foleni ya Kenyatta Avenue, jua la saa nane, mshale wa joto umetulia katikati. Lakini ukishapita Salgaa na kuanza kuupanda mlima wa Sachangwan, mshale nao unapanda. Ukipunguza mwendo na kuacha injini ipumzike, unashuka. Ukikanyaga mafuta, unarudi palepale.

Fundi alikuwa na kanuni yake: "Mzee, gari likichemka limesimama, tafuta feni. Likichemka likiwa kazini, tafuta maji." Hata hivyo alianza na feni, kwa sababu ile ya Peugeot, iliyoshikwa kwa sumaku ya umeme na kujiachia maji yakiwa baridi, ilikuwa imebaki kwenye injini ya zamani. Mahali pake alikuwa ameweka feni ya umeme. Waya zake zikigeuzwa, feni kama hiyo huzunguka kinyume na kusukuma hewa nje, nawe ukiiangalia unaona inafanya kazi tu. Alishika ukurasa wa gazeti mbele ya rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, ukavutwa ukabandika. Feni haikuwa na kosa.

Yakafuata mengine. Mdomo wa maji wa injini mpya ulikuwa juu kuliko mfuniko wa rejeta, kwa hiyo hewa ilikuwa ikijificha juu ya silinda hedi. Tulilipeleka gari Milimani, pua ikielekea Menengai, mfuniko wazi, tukalisubiri liteme mapovu mpaka yakaisha. Rejeta ilizibuliwa, ikatoka matope mekundu. Mfuniko nao ulibadilishwa, na hapa naomba niseme jambo ambalo watu wengi wa huku juu hulidharau. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na ukifika Mau Summit ni chini ya hapo. Mfuniko mzima hushikilia presha, na presha hiyo ndiyo inayoyazuia maji yasichemke hata yakipita nyuzi 110. Mfuniko uliolegea springi ni hatari zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa Mombasa.

Mtu mmoja pale gereji alitushauri tuitoe thamostati, kile kilango kinachozuia maji hadi injini ipate moto, tuitupe. Nilikataa, na fundi aliniunga mkono. Kuitoa thamostati ni kuifanya injini iteseke baridi ya asubuhi na kunywa petroli bure, na ugonjwa wenyewe unabaki pale pale.

Iliyomtia Baba hofu ni gasketi, ile inayoziba kati ya silinda hedi na injini. Ikiwa silinda hedi imepinda, pesa za Krismasi zimekwisha. Fundi aliwasha injini mfuniko ukiwa wazi, akaangalia maji kwa muda mrefu kama yatatoa mapovu ya moshi. Maji yalizunguka kimya; gasketi ilikuwa nzima. Baba alikaa juu ya tairi kuukuu, akauliza bei ya gari likiuzwa jinsi lilivyo. Sikuwahi kumsikia akiuliza swali hilo kabla ya hapo.

Kwa hiyo tuliposafiri kwenda Maseno kwa nyanya, fundi alikuja nasi. Alisema ugonjwa wa mlimani hauonekani gereji. Baba alishika usukani, fundi akakaa kando yake, macho kwenye mshale. Mshale ulianza kupanda tukiwa katikati ya mlima. Hakuna mtu wa Nakuru anayependa kusimama Sachangwan. Tangu lori la mafuta lilipowaka moto pale mwaka 2009 na kuua watu zaidi ya 100, tunapapita tu. Baba alirudisha mguu, akajivuta polepole nyuma ya malori hadi Kibunja, kwenye njia panda ya Molo, akaegesha mbali na barabara.

"Mzee, usizime," fundi akasema. "Piga resi, ushikilie hapo. Wewe mama, nimulikie."

Nikainama naye. Joto lilinipiga usoni, pamoja na ile harufu tamu ya kulenti, dawa ya maji ya rejeta. Nilimulika feni, inazunguka. Nilimulika paipu ya juu, imejaa, imevimba kidogo kwa presha. Fundi akaushika mkono wangu na kuushusha hadi chini kabisa, kwenye paipu inayotoa maji kwenye rejeta na kuyapeleka kwa pampu. Ile paipu ilikatwa kutoka kwenye gari jingine ili ifuate kona ya injini mpya. Injini ikizunguka polepole, paipu ilikuwa nene, ya mviringo. "Ongeza, Mzee!" Baba akaongeza. Mbele ya macho yangu ubavu wake ukaanza kubonyea. Ukabonyea zaidi. Halafu kuta zake mbili zikagusana, bapa, kama pakiti ya maziwa ya Nyayo mtoto akiinyonya tone la mwisho. "Achia!" Baba akaachia, na paipu ikajaa tena, ikarudi nene kana kwamba haikufanya lolote. "Ongeza!" Ikalala bapa tena.

Fundi hakucheka wala kushangilia. Alimwita Baba aje aone, nami nikaenda kukanyaga mafuta. Kutoka kwenye kiti cha dereva niliwaona kupitia ufa wa chini ya boneti, migongo yao miwili imeinama, na nikasikia Baba akisema taratibu, "Kwa hiyo pampu ilikuwa inajinyima maji yenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Mjini injini haizunguki sana, pampu haivuti kwa nguvu. Mlimani inavuta, mpira umelainika kwa moto, na ndani hakuna springi ya kuushikilia. Tulisubiri injini ipoe. Fundi alinunua waya mgumu wa fensi, akauzungusha kwenye mpini wa spana ndefu ukawa springi, akauingiza ndani ya paipu. Kulenti tuliyoikinga kwa karai tukairudisha, pua ya gari ikatazama juu tena hadi mapovu yakaisha. Mau Summit, Londiani, Kericho, mshale haukutikisika. Baadaye tuliweka paipu yenye umbo lake halisi.

Kaka husema tulipoteza pesa kwa rejeta na mfuniko. Mimi sijaamua. Rejeta ilikuwa na matope kweli, na mfuniko ulikuwa umekufa kweli. Huenda bila kuvitengeneza tusingefika hata Kibunja siku ile.

Fundi aliporudi Nakuru alimwomba Baba amuuzie ile injini ya zamani, angalau kwa bei ya vyuma. Baba alikataa, na hajawahi kueleza kwa nini. Bado iko nyuma ya nyumba, na feni yake ya sumaku iko palepale. Kaka anaiita mzigo. Siku nyingine nakubaliana naye, siku nyingine najikuta dukani naulizia krenki ya 504.