Siku moja maishani mwangu: nyuzi za kitambaa cha vidonda

Saa 1:30 asubuhi. Kabla sijasalimiana na mtu natazama kipima unyevu ukutani: asilimia 81. Mvua imepiga Dar usiku kucha, na nyuzi zangu hazipatani na mvua. Nawasha mashine ya kukausha hewa, nasubiri.

Saa 3. Tangu jana jioni polikaprolaktoni, plastiki inayooza taratibu mwilini, na jelatini, protini ya ngozi na mifupa ya wanyama, vinakorogwa ndani ya asidi asetiki, ile ile iliyomo kwenye siki, basi maabara nzima inanuka achari. Navuta mchanganyiko kwenye bomba la sindano taratibu, povu lisiingie. Pampu inasukuma nusu mililita kwa saa. Sindano ina waya wa volti 18,000, na sentimita 15 mbele yake kuna foili iliyofungwa waya wa ethi. Tone la kwenye ncha linachongoka kama pia, kisha linatoa uzi. Huuoni mpaka umulike tochi ubavuni: moshi mweupe unaocheza. Asidi inaruka njiani, uzi unatua mkavu. Mwaka wa tatu huu, na bado nasimama kuutazama.

Saa 5:20 kazi imeharibika. Unyevu umepanda tena. Nyuzi zinatua mbichi na kugandana, foili ina madoa yanayong'aa. Nabandua, naanza upya.

Saa 7, wali maharage, swala.

Saa 8 zamu yangu kwenye hadubini ya elektroni. Kipande cha juzi kimepakwa dhahabu kiduchu. Nyuzi nyingi zina unene wa karibu nanomita 400. Unywele ni kama 70,000. Zimelala zikipishana, na ndivyo ninavyotaka, maana kolajeni ya ngozini nayo imesukana hivyo, na seli hupata pa kushika.

Saa 9:30. Kitambaa cha wiki iliyopita nilikitia jenipini, kemikali ya kuunganisha protini, ili jelatini isiyeyuke majini. Kimegeuka buluu iliyokoza kama kaniki. Nakilowesha, nakibana ncha mbili, navuta, naachia. Kinarudi. Mara ya 20 kimebaki na mlegezo wa milimita 2.

Milimita hizo zinaniuma. Mtoto wa shangazi yangu aliungua na uji akiwa na miaka 4. Kidonda kilipona, kovu likakaza, mpaka leo kiwiko hakinyooki. Ngozi ya pale hukunjwa na kunyooshwa kutwa. Kitambaa cha kuziba tu kisingemfaa.

Saa 11:45. Kesho napunguza jelatini. Kipande cha buluu nimekiacha kwenye maji ya chumvi, nyuzi joto 37, tarehe juu ya kifuniko. Nje mawingu yanajikusanya tena.