Kahawa ya Mzee wa Nabugoye

Mwisho wa 2016 shemeji wangu wa Mbale alinipigia akasema kahawa ya mlimani imeiva, nije tuone kama kuna biashara. Nikavuka mpaka wa Malaba kuingia Uganda Ijumaa nikijua jioni nishamalizana na mzee mmoja jirani yake pale Nabugoye. Nikaambiwa leo kumechelewa na kesho mzee hashiki hela, nikadhani ni Msabato. Kumbe ni Myahudi! Mgisu kabisa, anaongea lugha ambayo sisi Wabukusu tunaisikia bila mkalimani.

Shemeji ni Mkristo lakini historia ya hao watu anaijua kama ya kwao. Akanisimulia Semei Kakungulu, yule mkuu wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza mpaka wakakosana, mwaka 1919 watu wa dini yake wakamwambia tohara ni mambo ya Wayahudi, akasema basi mimi ni Myahudi, akatahiriwa yeye na wanawe. Enzi za Amin dini hiyo ikapigwa marufuku, wengi wakabadili dini, wachache wakabaki wanasali kwa kujificha. Kitu shemeji anacheka mpaka leo ni kwamba mtoto wao anatahiriwa siku ya nane, eti huyo ataonyesha ujasiri saa ngapi, na mwaka wenyewe ulikua wa imbalu, ile tohara ya hadharani ya vijana wa Kigisu. Lakini rabi wao, yaani kiongozi wao wa dini, Gershom Sizomu, aliyesomea urabi Los Angeles, shemeji alimpigia kura, na ndo alikua ameingia bunge mwaka huohuo, na pale jimbo la Bungokho North wapiga kura wengi ni Wakristo na Waislamu. Shule zao na kituo chao cha afya havimuulizi mtu dini.

Jioni mzee akatuita kula. Mama alikua ashawasha mishumaa kabla jua halijazama, mikate miwili imefunikwa kitambaa, mzee akaimba na kikombe mkononi, tukamwagiwa maji ya kunawa, halafu akakata mkate akauchovya chumvi akatugawia. Jirani mwingine Mwislamu alikuepo, kuku wa pale anamla bila maswali. Nikagusia kahawa. Mzee akacheka akaniongezea mkate.

Jumamosi nzima nikashinda nimekaa tu, sijui kama nishawahi kuona mkulima msimu wa mavuno amelala mchana hivyo bila wasiwasi. Nyota tatu zilipotokea Sabato ikaisha, wakanusisha viungo vya kunukia, mshumaa uliosukwa ukazimwa kwenye kikombe, na hata moshi haujaisha mzee akanigeukia, "Haya mwanangu, sema."

Nikasema bei yangu. Akanijibu kwa upole kahawa yote ni ya ushirika, Mirembe Kawomera, ule J.J. Keki alianzisha 2004 wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo wauze pamoja, na yeye hawezi kuwaruka wenzake. Yule Mwislamu pia ni mwanachama. Shemeji pia! Nikamuuliza shemeji mbona hakuniambia, akasema alitaka nimsalimie dadangu kwanza.

Nikanunua maharage.