Nilivyorudishiwa pesa za ovaloki

Mwezi mmoja kabla ya Idi niliagiza mashine ya ovaloki, ile ya kushona kingo za kitambaa zisifumuke, kwa intaneti, shilingi 32,500, nikalipa yote kwa simu maana kazi za kushona zilikuwa zishanijaa hapa Majengo na mashine ya zamani mota imeungua. Ikaja, ukiwasha inanguruma tu, sindano haishuki. Kupiga simu naambiwa dada ulibonyeza nimekubali, soma masharti.

Nikayasoma usiku kucha. Ati pesa ikishalipwa hairudi, na ukiwa na malalamiko huendi kortini, unaenda kwa msuluhishi wa binafsi nchi ya ng'ambo na gharama ni juu yako. Wallahi nililia, nani atapanda ndege kwa elfu thelathini na mbili?

Mjomba wangu alikuwa karani wa korti miaka mingi, nikampa simu asome. Akanambia mwanangu, haya wameandika wao, sheria hawakuandika wao. Kumbe hapa Kenya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema sharti la kukupeleka kwa msuluhishi kwa lazima halina nguvu likikuzuia kutumia haki yako ya kufungua kesi katika Mahakama Kuu, na Katiba kifungu cha 46 inakupa haki ya bidhaa yenye ubora na ya kulipwa fidia ukipata hasara. Iliniuma sana kufikiria ni wangapi mtaani wamesoma masharti kama yale wakanyamaza.

Nikakusanya ushahidi, skrinshoti za tangazo, risiti, chati zote, video ya mashine ikinguruma, na yale masharti yenyewe nikayahifadhi kabla hawajayabadilisha (hili usilisahau!). Nikawatumia barua ya madai kwa imeili, siku 14. Kimya.

Mahakama Kuu kwa dai kama langu ni mzigo, so mjomba akanielekeza Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Nikafungua kesi. Walipopata samansi tu, wale wale wa soma masharti wakanipigia wenyewe, sauti imebadilika, bi unaendeleaje, tuyamalize. Nikasema pesa yangu yote na ada ya korti, kwa maandishi. Wakalipa na mashine yao wakaja kuichukua.

Idi ilikuwa ishapita. Nyingine nimenunua dukani, nikaijaribu kwanza kwa kitambaa changu kabla sijatoa pesa.